Utunzi mpya nao uchezewe bale

Matamasha ya okestra ninayohudhuria hapa Kampala yana mtindo wake. Bale, dansi ya jukwaani ya Ulaya, inapangwa pale watu wanapotaka kufurahi, na mara nyingi muziki wake ni wa Tchaikovsky, mtunzi wa Urusi. Utunzi mpya wa Mganda unabanwa kabla ya mapumziko, huku wachezaji wa bale wakijinyoosha nyuma ya pazia. Unapigiwa makofi ya adabu, halafu watu wanatoka kutafuta soda. Kwangu mimi, ratiba ya namna hiyo imepangwa vibaya. Utunzi mpya ndio ungechezewa bale.

Tchaikovsky mwenyewe aliwahi kuwa mgeni. Bale yake ya mabata maji ilipoonyeshwa Moscow mara ya kwanza mwaka 1877 haikupokewa vizuri, na wapo waliolalamika kwamba muziki ule ni mzito mno kwa wachezaji. Leo tunauimba kwa miluzi njiani.

Na watunzi tunao. Joseph Kyagambiddwa aliandika oratorio, yaani kisa cha dini kinachoimbwa na kwaya, ya Mashahidi wa Uganda, ikaimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Justinian Tamusuza aliwaandikia wapiga nyuzi wanne muziki uliojaa midundo ya Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani ikaurekodi katika albamu iliyotoka mwaka 1992. Kwa hiyo ukiniambia hakuna cha kupiga, nitakuuliza umetafuta wapi.

Ugumu wa kweli wa kuunganisha ala zetu na okestra uko kwenye sauti. Chukua amadinda, marimba ya Kiganda: vibao 12 vya mti vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na vijiti vimechomekwa katikati ili visihame. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja akipiga katika nafasi anayoiacha mwenzake, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kumtenganisha huyu na yule. Wa tatu anashika vibao viwili vya juu tu, na hapo wimbo mwingine unachomoza ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Sasa, oktava ya amadinda, yaani umbali kutoka sauti moja hadi sauti hiyohiyo inaporudi juu zaidi, imegawanywa sehemu tano zinazokaribia kulingana. Piano haina sauti hizo. Wapo wanaotatua jambo hili kwa kuchonga vibao upya vifuate piano, na ndipo ladha yote inapokwisha. Fidla haina vigawanyo shingoni, kidole kinaweza kukaa popote. Basi fidla ndiyo iifuate amadinda, na piano ipumzike usiku huo. Haitakufa.

Kuhusu wachezaji, watu hunijibu kwamba bale inapaa na baakisimba, dansi ya Waganda, inakaa chini, kiunoni na miguuni, haviwezi kukutana. Sikubali. Mpiga embuutu, ngoma kubwa ya Kiganda, aliye mzuri hamwachi mchezaji kwa macho, na kiongozi wa okestra anayejua bale hufanya vivyo hivyo: anachelewesha mpigo kidogo ili aliyeruka atue kwanza. Kazi ni ileile. Kinachokosekana ni muda wa kufanya mazoezi pamoja, na muda ni pesa. Wanamuziki wengi wa hapa wana ajira nyingine za mchana, na mchezaji wa bale anahitaji sakafu inayonesa, si saruji ya ukumbi wa parokia inayomvunja magoti.

Wafadhili, hasa balozi na benki, hupenda kulipia usiku mmoja wenye picha nzuri. Mimi ningewaomba walipie mazoezi. Kisha utunzi huo usiishie Kampala. Upelekwe Jinja, Gulu na Mbarara, kwa wachezaji walewale na tiketi ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaimudu. Na huko Gulu, wapiga ngoma wa bwola, dansi ya Waacholi, waalikwe kama wapigaji wenye sehemu yao kwenye karatasi ya muziki. Tusiwaweke mlangoni kupokea wageni.