Sikugongwa na Trekta

Kwanza kabisa niko hai. Pili, miguu yote miwili ninayo. Shangazi, kama kuna mtoto amekusomea hii, tafadhali weka rozari chini ukale. Na nyie mlioanza kuchangishana kwenye grupu la Waswahili wa hapa Valencia, Uhispania, asanteni kwa moyo, ila mweka hazina azirudishe hizo hela kabla hazijapata matumizi mengine.

Habari ya trekta imetoka kwa mwenzangu wa Mombasa, aliyetuma sauti ndefu akiapa wallahi kwamba ameniona kwa macho yake nikirushwa hewani. Hakuona kitu. Yeye alikuwa mbele huko, ameegesha baiskeli, anajipiga picha kwenye barraca, zile nyumba za zamani za wakulima wa huku zenye paa la matete lililochongoka. Alipogeuka, mimi nilikuwa chini tayari. Yaliyobaki amejaza mwenyewe. Na kinachoniuma ni kwamba uongo wake una heshima kuliko ukweli. Aliyegongwa na trekta hupewa pole. Mimi sijui nipewe nini.

Haya, sogeeni.

Ukitoka Valencia kwenda kusini unapita Pinedo, unapita El Saler na misonobari yake, na baada ya kilomita 20 hivi unafika El Palmar, kijiji ambacho zamani kilikuwa kisiwa ndani ya ziwa la Albufera. Ukiendelea kuelekea Sueca ni majaruba mpaka macho yachoke. Eneo lote ni hifadhi tangu 1986, lakini zaidi ya nusu ya hifadhi hiyo ni mashamba ya mpunga. Mlima hakuna. Kuna kitu karibu na Sueca kinaitwa Muntanyeta dels Sants, kina kanisa dogo juu yake, hakifiki mita 30, na sisi waendesha baiskeli tunakipanda kisha tunapongezana kwa kushikana mikono.

Vijia vya humo ndani ni vyembamba, lami inaishia palepale panapoanzia shamba. Ukuta hakuna, mti hakuna, kwa hiyo upepo wa baharini unakupata ubavuni asubuhi nzima. Mwenzangu alijificha nyuma ya mgongo wangu toka El Saler, nikiwa ndiye kizuizi chake cha upepo. Akapata nguvu za kunipita pale tu alipoona nyumba ya kupigia picha. Hilo kwenye ile sauti yake hakulisema.

Sasa, ilikuwa Januari. Huku mpunga unavunwa Septemba, kisha mashamba yanajazwa maji kwa majira ya baridi, na mabua yanabaki humohumo yanaoza. Maji yakianza kupunguzwa, matrekta yenye magurudumu ya chuma yanaingia kuvuruga, ili mabua yazikwe kwenye tope. Nyuma ya kila trekta kuna ndege kwa mamia wanaookota vinavyofukuliwa: yangeyange, shakwe, kwarara weusi, na korongo wa kila kimo. Kuhusu harufu nitawaambia mbele, maana nimelala nayo.

Mimi ni mtoto wa Ifakara. Nimekulia kwenye majaruba, nimefukuza ndege kwenye mpunga kabla sijajua kusoma. Kwa hiyo njia nzima nilikuwa natoa mhadhara. Nilimwonyesha mwenzangu matuta, nikamweleza maji yanavyoingia na yanavyotoka, nikakosoa hata trekta la watu, kwamba kwetu pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mkono, ingemaliza hapa bila makelele yote haya. Yeye anaujulia mchele kwenye pilau, anasikiliza tu. Nikafikia kusema, na alisikia vizuri, kwamba tope la mpunga mimi halinitishi.

Tukumbushane na mavazi, kwa sababu yanahusika. Juu nilivaa fulana nyeupe. Chini, ile kaptula ya kubana yenye godoro makalioni, vazi ambalo mtu mwenye familia hafai kuonekana nalo akiwa amesimama, sembuse akiwa amelala. Miguuni, viatu vya mbio za baiskeli. Kwa msiovijua: chini vina kipande kinachonasa kwenye pedali, ili mguu uvute na kusukuma. Kujinasua, unazungusha kisigino kuelekea nje, kinafyatuka. Ni rahisi sana ukiwa sebuleni.

Basi trekta likawa linakuja kutoka mbele, taratibu, tope limelipanda mpaka kwenye taa. Njia ni finyu. Nikafanya kama mtu aliyefundishwa: nikakaa kulia, ukingoni kabisa, nikakamata breki, nikafyatua mguu wa kushoto, nikakanyaga lami. Nikasimama. Naomba tuelewane hapo. Nilisimama. Baiskeli haikuwa inakwenda popote. Kile kikompyuta cha kwenye usukani kimehifadhi ushahidi, kinasoma 0.0.

Upande wangu wa kulia kulikuwa na jaruba lililokwishavurugwa, jeusi, ndege wamejaa. Ng'ambo yake, juu ya tuta, kikundi cha wastaafu waliokuja kutazama ndege, kila mmoja na darubini yake kubwa juu ya miguu mitatu. Zile darubini zinazokuonyesha rangi ya jicho la korongo aliye mwisho wa shamba. Zote zimeelekezwa kwenye jaruba hilo.

Dereva alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Alipokaribia akainua mkono kunisalimu. Na hapa, jamani, malezi ndiyo yaliyoniponza. Mkono wangu uliokuwa upande wake ni wa kushoto. Mzee hasalimiwi kwa mkono wa kushoto. Bibi yangu tulishamzika, lakini pale nilimsikia. Kwa hiyo nikaachia usukani kwa mkono wa kulia, nikauinua vizuri ukaonekana, nikainamisha kichwa kidogo, na nikasema, "Shikamoo."

Kwa mkulima wa Valencia.

Mkono ulipopanda, uzito ukahamia kulia. Kulia nilikuwa na mguu mmoja tu, nao umefungwa kwenye pedali. Na hata ungekuwa huru, chini yake lami ilishakwisha.

Nikaanza kulala upande kama mgomba uliolemewa na mkungu. Mnaodhani mtu anaanguka ghafla, hamjaanguka mkiwa mmesimama. Ni safari. Nilipata nafasi ya kuwaza. Wazo la kwanza: zungusha kisigino. Nikazungusha, kwa nguvu zote, cha kushoto, ambacho kilikuwa huru siku nyingi, kinapiga hewa. Wazo la pili: simu iko mfuko wa nyuma. Wazo la tatu: mzee. Nikamtazama. Mkono wake ulikuwa bado juu, tabasamu linamtoka polepole, kwa sababu na yeye alikuwa anaona muda wote huo unavyopita na mimi sifanyi lolote la maana. Tulitazamana. Nadhani alitaka kusema kitu akakosa pa kuanzia. Mimi mkono wangu nao ulikuwa bado juu. Naanguka huku napunga.

Wazo la nne: darubini.

Kisha bega likagusa, likaendelea kwenda. Sikio likafuata. Pwaa! Na baiskeli ikaja juu yangu, maana mguu bado ulikuwa wake.

Ndege wote wakaruka kwa pamoja. Mbawa mamia, shamba zima likapiga kishindo, kisha kimya, trekta limezimwa. Ng'ambo kule mama mmoja akatoa "aaay" ndefu yenye uchungu. Nikasema moyoni, afadhali, ubinadamu upo. Nikafuta jicho moja nimwone. Alikuwa amegeuza darubini kuelekea walikokimbilia ndege.

Wengine hawakugeuza zao.

Kuinuka sasa. Nikakita mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Nikakita wa pili, nao ukaenda kumtembelea mwenzake. Mguu wa kulia uko juu umening'inia kwenye pedali, wa kushoto unatafuta ardhi. Kila nikijisukuma mbele, godoro la kaptula linanyonya tope na kuongeza kilo. Ile harufu ni ya mabua yaliyooza miezi kadhaa chini ya maji, na ukiwa umelala ndani yake husemi tena ni harufu, unasema ni makazi. Na kichwani sauti yangu mwenyewe inanirudia: halinitishi, halinitishi.

Mzee alishuka na mabuti yake, akasimama kwenye ukingo wa lami, akaniuliza kitu kwa Kivalencia. Kihispania changu chote, nilichokilipia ada, nikakitafuta kikaja kimoja tu: "Buenos días." Akaitikia. Ana adabu. Kisha akainama, akashika kiatu changu kwa mkono mmoja, akazungusha kisigino nje mara moja, tak, mguu ukatoka. Nikashangaa amejuaje. Akanieleza polepole, kwa Kihispania cha kumwelewesha mgeni, kwamba mjukuu wake anaendesha baiskeli na huanguka hivihivi. Nikauliza, kujifariji, mjukuu ana umri gani.

Miaka tisa.

Yaliyofuata siyatamani, nitayapitisha haraka. Mzee alinipeleka kwenye nyumba ya pampu akanifulizia mpira wa maji, maji ya Januari, siongezi neno. Mwenzangu akafika, akacheka mpaka akakaa chini, akaniuliza, "Ndugu yangu, ni trekta?" na mimi kwa udhaifu wa saa ile nikanyamaza, akachukua kunyamaza kwangu akakipeleka kwenye grupu. El Palmar tulikuwa tumepanga kula all i pebre, ule mchuzi wao wa mikunga wenye pilipili nyekundu na vitunguu saumu. Yeye alikula ndani. Mimi nililetewa sahani nje, juani, nikiwa nimekalia mfuko wa plastiki, na paka wawili wa kijiji walikuja, wakanusa, wakaniacha na samaki wangu. Tukarudi mjini. Mashine ya kufulia imekubali mzunguko wa kwanza kwa shingo upande. Jirani ameuliza kama bomba la choo limepasuka.

Leo asubuhi mtu wa Mombasa ametoa toleo jipya: eti nimeitwa mbele ya Baraza la Maji. Msimwamini. Baraza lenyewe lipo kweli, wanakaa kila Alhamisi saa sita mchana kwenye mlango wa Mitume wa Kanisa Kuu la Valencia, wamevaa majoho meusi, kesi inasikilizwa kwa mdomo na hukumu inatoka palepale. Lakini kazi yao ni mifereji ya mashamba yanayouzunguka mji, majaruba ya huku kuelekea Sueca hayamo, na sijasikia mtu akishtakiwa kwa kutawanya ndege. Kama kuna mwanasheria humu anajua vinginevyo, anitafute faragha.

Viatu vinauzwa. Namba 43, cha kushoto kinafyatuka vizuri sana. Vimeoshwa. Anayevitaka aje avinuse mwenyewe kwanza, baadaye nisisikie maneno.