Kokeini: yapi ni madhara ya unga, yapi ni ya magendo?

Mjadala kuhusu kokeini umegawanya watu katika kambi mbili zisizosikilizana. Ya kwanza inashikilia kuwa anayeionja mara moja amekwisha; ya pili inajibu kwamba hatari zake zimetiwa chumvi, na kwamba kinachoua hasa ni marufuku iliyouacha unga huo mikononi mwa wauzaji wa magendo. Kwa maoni yangu, zote mbili zinachanganya madhara yanayotokana na kokeini yenyewe na yale yanayotokana na namna inavyouzwa.

Hoja ya kambi ya pili si ya kupuuzwa. Wengi wa waliowahi kuijaribu kokeini hawakuishia kuwa waraibu. Hakuna anayekagua kilichomo ndani ya kipakiti: levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo inayoweza kupunguza mno chembe nyeupe za damu, imekutwa humo mara nyingi, na huko Amerika Kaskazini fentanili, dawa kali mno ya kutuliza maumivu, imewaua watu waliodhani wanavuta kokeini tupu. Hayo ni madhara ya soko la gizani. Watetezi wa kambi hii hutaja pia majani ya koka, ambayo watu wa milima ya Andes wameyatafuna kwa maelfu ya miaka, ila hapo mfano wao unawageuka: jani lina takriban asilimia 1 tu ya kokeini, au pungufu, nayo huingia mwilini polepole, ilhali unga huvutwa puani ukiwa umekolezwa, na kraki, yaani kokeini iliyogeuzwa kuwa vijiwe na kuvutwa kama moshi, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache.

Tuchukulie basi kwamba unga ni safi kabisa. Bado kokeini huzuia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ishara kati ya seli za neva, zisirudi ndani ya seli za neva, hivyo moyo hupiga kwa kasi na kudai oksijeni zaidi wakati uleule ambapo mishipa inayoulisha inajibana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika saa ya kwanza baada ya kutumia, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo hupanda takriban mara 24. Moyo hauulizi kama mtu ni mraibu au amealikwa tu kwenye sherehe, na kwa hiyo kauli ya "mimi si mraibu", ambayo huenda ni ya kweli kabisa, haijibu swali lililoulizwa. Pombe huongeza uzito: vikikutana viwili hivyo, ini hutengeneza kokaethilini, ambayo hudumu mwilini kuliko kokeini yenyewe na kuuelemea moyo zaidi. Hakuna sheria ya ubora wa bidhaa inayoweza kuliondoa hilo.

Kambi ya kwanza nayo ina deni lake. Hofu iliyopindukia ilizaa sheria ya Marekani ya mwaka 1986, ambapo gramu 5 za kraki zilimletea mtu kifungo cha chini cha miaka 5, sawa na gramu 500 za unga, ingawa dawa ni ileile. Mwaka 2010 uwiano huo ulishushwa kutoka 100 hadi 18 kwa 1. Zaidi ya hayo, kijana aliyeambiwa kuwa pumzi moja inaua, kisha akamwona rafiki yake akivuta na kuamka salama, hatasadiki tena onyo lolote, hata lile la moyo.

Ureno ilichukua njia nyingine mwaka 2001: kumiliki kiasi kidogo kwa matumizi binafsi si kosa la jinai tena, ingawa biashara yake bado ni jinai. Mraibu anaweza kwenda kliniki bila kuogopa pingu. Lakini akishafika, hatakuta dawa iliyoidhinishwa kwa uraibu wa kokeini kama methadoni ilivyo kwa heroini. Matokeo bora hadi sasa yametokana na ushauri nasaha pamoja na zawadi ndogo anayopewa kila kipimo cha mkojo kinapoonyesha kuwa hajatumia.