Sikukuu Isiyo na Mwenyekiti

Rafiki zangu wa Kampala walipopata habari kwamba nimepata kazi mpya, waliniuliza swali moja tu: ninaanza lini. Nilipowajibu kwamba ni Jumanne ya tarehe 10 Juni, hakuna aliyetaka kujua mshahara ni kiasi gani, hakuna aliyeuliza nani alinipigia debe, wala hakuna aliyemwombea mdogo wake nafasi. Walitazama kalenda, wakaona kwamba mwaka huu wa 2025 Idi Kubwa imeangukia Ijumaa ya tarehe 6 na Siku ya Mashujaa Jumatatu ya tarehe 9, wakasema basi twende Jinja. Mazungumzo yakaishia hapo, na mimi nikabaki na furaha ya ajabu ambayo nimejaribu tangu wakati huo kuielewa chanzo chake.

Simu za Tanga zilikuwa na mwelekeo mwingine. Shangazi, baada ya kumshukuru Mungu kwa moyo mweupe kabisa, aliuliza kwa nini nisitumie siku hizo kurudi nyumbani, kwa kuwa mjomba anainua ukuta na anahitaji mtu wa kuwasimamia mafundi. Mama mkubwa alikumbuka kwamba mafao yake hayajatoka na kwamba mimi ndiye ninayejua kuzungumza na watu wa ofisini. Binamu yangu, ambaye harusi yake bado iko mbali, alikuwa amekwisha kuniandika katika orodha ya ahadi kabla sijatia saini mkataba. Sina haja ya kuendelea, kwa maana kila anayesoma haya ana shangazi wake, ukuta wake na orodha yake.

Nataka kusema jambo moja, na nalisema kwa heshima kwa sababu litawaudhi watu ninaowapenda: sisi watu wa Tanga, na sidhani kwamba wenzetu wa Dar es Salaam na Mwanza wanatupita sana, hatujui kukaa pamoja bila shughuli. Kwetu watu hukutana kwa sababu kuna harusi, kuna msiba, kuna maulidi au kuna mtoto wa kutolewa nje. Sababu ikikosekana tunaiunda, na tukishaiunda tunaichagulia mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Niliwahi kuwa miongoni mwa watu waliotaka kwenda kuona mapango ya Amboni, ambayo yako kilomita chache tu kutoka mjini kwetu, na kabla hatujatoka tulikuwa tayari na kundi la WhatsApp, orodha ya waliolipa na wasiolipa, kitenge cha sare na ugomvi kati ya watu wawili waliotaka kila mmoja awe msemaji. Safari haikufanyika. Kitenge ninacho hadi leo.

Ndiyo maana mtu mwenye siku tupu kwetu ni mali ya umma. Akiwa kati ya kazi moja na nyingine, hata kama mkataba mpya umo mkobani, ukoo humhesabu kuwa hana kazi, na asiye na kazi hutumwa. Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Wanaona kweli kwamba siku isiyo na shughuli imemwagika, na wao wanaiokoa.

Wala msiniambie kwamba shida yetu ni uchache wa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, ilhali Sheria ya Ajira ya Uganda, ya mwaka 2006, inahesabu siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, ambazo kwa mwaka mzima ni 21. Katika karatasi, basi, sisi ndio tuliobarikiwa. Lakini ni nani kati yenu aliyezitumia siku zake 28 kulala, kusoma kitabu au kutembea na rafiki zake? Huishia saiti, huishia kwenye korido za hospitali tukimlinda mgonjwa kwa zamu, huishia madirishani tukifuatilia faili la mtu mwingine, na mtu hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Wenzake wakimuuliza likizo ilikuwaje, hujibu kwa fahari kwamba anamshukuru Mungu nyumba imefika kwenye lenta.

Huku Juni ilianza kwa wiki ya neema. Jumanne ya tarehe 3 ilikuwa Siku ya Mashahidi wa Uganda, Ijumaa Idi, Jumatatu Mashujaa, nayo hii ya mwisho ina uzito wake, kwa maana chimbuko lake ni watu waliouawa Luweero tarehe 9 Juni 1981. Rafiki yetu mmoja, Mkatoliki wa Masaka, alikuwa bado anachechemea tulipoanza safari, kwa kuwa alikuwa ametoka kwao kwa miguu pamoja na mahujaji wengine hadi Namugongo, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886. Mimi nami nilikuwa nimeswali Idi katika Msikiti wa Kitaifa wa Old Kampala, ambao wenyeji bado wanauita wa Gaddafi, kisha nikala nyumbani kwa rafiki yangu wa Kibuli pamoja na bibi zake na watoto wasiohesabika. Nayataja haya ili asitokee mtu wa kusema kwamba watu wa hapa hawana dini wala ukoo. Dini ilipata siku yake, ukoo ukapata siku yake na taifa pia. Katikati zikabaki Jumamosi na Jumapili ambazo hazikuwa na mwenyewe, nao wakazichukua bila kumwomba mtu ruhusa.

Tuliondoka Jumamosi bila ratiba. Pale Namawojjolo tulisimama kama kila mtu anavyosimama, wauzaji wakalikimbilia gari na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma, za moto, tukala huku tukipita msitu wa Mabira. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita themanini hivi, na foleni ya Mukono ilituchelewesha kiasi kwamba Tanga tungekuwa tumekwisha kufanya kikao cha dharura. Hakuna aliyejali. Mimi nilikuwa nimetamani kuona maporomoko ya Bujagali, ambayo nilikuwa nimeyaona katika picha za zamani, nikaambiwa kwamba yalizamishwa na bwawa la umeme zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwetu habari kama hiyo ingezaa lawama, kwa nini katibu hakuuliza mapema. Wao walisema tu kwamba basi twende kwenye chanzo cha Nile, tukaenda.

Kijana mwenye mashua alitueleza habari za Speke, mpelelezi Mwingereza, ambaye alifika hapo mwaka 1862, na za majivu ya Gandhi, ambayo sehemu yake ilimwagwa katika maji hayo mwaka 1948. Alikuwa msimuliaji hodari na nilimsikiliza kwa makini. Lakini jambo ambalo nimeliweka moyoni ni saa zilizofuata, tulipoketi kwenye nyasi hadi jua likazama, watu watano hivi wazima wenye akili timamu, bila hotuba, bila zawadi ya kukabidhi, bila mtu wa kumshukuru mgeni rasmi. Mimi peke yangu ndiye niliyehangaika. Niliuliza chakula cha jioni ni saa ngapi, nikauliza nani anakusanya pesa za mafuta ya gari, nikaanza kuokota chupa tupu, mpaka rafiki yangu wa Kibuli akaniambia kwa upole, kwa neno lao la kumheshimu mwanamke, «Nnyabo, kaa chini.»

Sasa najua mnachosema. Wa kwanza anasema: ughaibuni gani huo wa Kampala? Aliyekwenda Toronto au Dubai ana haki ya kutulinganisha na wenzake, lakini wewe ulivuka Mutukula kwa basi, ziwa ni lile lile tunalochangia, hata bomba la mafuta la Hoima linakuja kwetu Chongoleani, kilomita 1,443, na wewe unajifanya umeona dunia. Ndugu yangu, hapo hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ningekuwa Toronto mngenijibu kwamba wale wana pesa, wana ruzuku za serikali, hawana wa kumtegemea wala wa kuwategemea, na mngekuwa na haki. Watu wa hapa wana bodaboda zile zile, umeme unakatika vile vile, ada za shule zinawatoa jasho lile lile, na kila mmoja analipia masomo ya mdogo wake. Umaskini hauwezi kuwa sababu ya sisi kushindwa kupumzika wakati jirani yetu mwenye mfuko kama wetu anaweza.

Wa pili ni mkali zaidi. Anasema kwamba mimi nimepata raha hiyo kwa kuwa niko mbali na ukoo, na kwamba hao Waganda nao, wakiwa vijijini kwao, hutumwa kama sisi. Hilo lina ukweli na sitalikimbia. Vikao vyao vya kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, vina bajeti ambazo zingemtetemesha mweka hazina yeyote wa Ngamiani, na siku ile ya Idi kule Kibuli ni wanawake waliopika, sitawadanganya. Simu ya yule wa Masaka iliita tukiwa kwenye nyasi, naye alikuwa mama yake, mwenye shida ya kweli inayohusu shamba. Kijana akamwambia wazi, kwa adabu zote, kwamba yuko Jinja na rafiki zake na atampigia kesho yake. Mama akamtakia jioni njema. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia, wala si kubwa zaidi ya hapo: hakudanganya. Sisi je, ni wangapi kati yetu ambao wamekuwa «semina Morogoro» huku miguu imo mchangani Bagamoyo? Tumejenga taifa zima la semina kwa sababu hatuwezi kutamka mbele ya wakubwa zetu kwamba leo napumzika na wenzangu.

Wa tatu ananiambia kwamba nimesahau kwetu. Huyu ananichosha. Kama ningekuwa nimesahau, nisingekasirika jioni ile bili ilipoletwa na rafiki yangu mmoja, mtu mzuri sana katika mambo mengine yote, akatoa simu na kuanza kugawa sato kwa hesabu, huyu alikunywa soda mbili, yule hakugusa chipsi, hadi shilingi ya mwisho. Nilitahayari kwa niaba yao. Kwetu, aliyesema twende ndiye anayelipa, au basi wote wanapigania bili mpaka mhudumu anaogopa, na mgeni akitoa pochi yake ni tusi kwa nyumba nzima. Sijawahi kuona Tanga mtu akila mbele ya mwenzake bila kumkaribisha, na huku nimeliona hilo katika ofisi zenye watu waliosoma. Na pilau ya Idi niliyopewa, Mungu awalipe kheri walioipika, ilikuwa wali uliopita karibu na bizari. Ukarimu wetu hauna mfano katika ukanda huu na nitagombana na yeyote atakayesema vingine.

Lakini ukarimu huo huo una mikono inayoufanya, na mikono hiyo kwa kawaida ni ya mwanamke. Idi ya Tanga kwangu huanza kabla ya alfajiri mbele ya sufuria, na huisha usiku nikiosha sahani za watu ambao wamekwisha kulala. Nimewahi kumaliza sikukuu nzima bila kuketi na rafiki yangu hata mmoja, ingawa wote walipita nyumbani na wote walikula. Waliniona kwa mgongo. Nikisema hivyo naambiwa kwamba hizo ndizo mila, na anayeniambia huwa amekaa.

Kazi nimeianza, na sheria ya hapa inamruhusu mwajiri kunitazama hadi miezi sita kabla ya kunithibitisha, kwa hiyo sitarajii kuona nyasi za Jinja tena hivi karibuni. Desemba, siku zangu saba za kwanza za likizo zikiwa zimetimia, nitakuja nyumbani Mungu akipenda, na nitatumwa, na nitakwenda nitakapotumwa. Ila Jumapili moja nimeiomba iwe yangu. Nimewaandikia wenzangu niliosoma nao kwamba siku hiyo tutakwenda Pangani, kila mtu na nauli yake, atakayechelewa ataachwa, na chakula tutakinunua huko huko. Wote wamekubali. Wawili wameuliza rangi ya kitenge, na mmoja, ambaye tangu shule alikuwa kiranja, amependekeza tukutane Jumamosi kwanza ili tupange.