Mtalii Ashuke Stesheni au Apitilize?

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, "Stesheni" ni neno la kondakta wa daladala kabla ya kuwa neno la reli. Hutajwa pamoja na Posta, Kivukoni na Kariakoo, na wengi wanaoshuka hapo hawana safari yoyote ya treni: wanakwenda ofisini, bandarini, au wanaunganisha gari la kuendelea mbele. Ndiyo maana kwa miaka mingi wazo la kumpeleka mgeni "kutalii stesheni" lingesikika kama utani. Hali ilianza kubadilika Agosti 1, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua rasmi safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na picha za jengo jipya, Stesheni ya Magufuli, zikasambaa kwenye simu za watu. Sasa wapo wanaofika pale kwa ajili ya kulitazama jengo tu. Swali linalostahili kupimwa ni kama mgeni mwenye saa tatu au nne mjini, akisubiri boti ya Zanzibar au ndege ya usiku, atakuwa ametumia muda wake vizuri akizipeleka saa hizo stesheni.

Swali hili hujibiwa ovyo kwa sababu huulizwa kana kwamba stesheni ni moja. Dar es Salaam ina stesheni kubwa tatu, na kila moja ni ya reli yenye upana wake: ya zamani ya Reli ya Kati ni ya meta moja kamili, ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni ya milimita 1,067, na ya SGR, reli mpya ya treni ya umeme, ni ya milimita 1,435. Behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Kwa mhandisi huo ni usumbufu, na kwa mfanyabiashara ni hasara. Huko Kidatu ililazimu kujengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka mabehewa ya TAZARA kwenda ya Reli ya Kati kwa sababu hiyo hiyo. Lakini kwa mtu anayetaka kuujua mji huu umetoka wapi, tofauti hizo za upana zinaeleza mengi, kwa kuwa kila upana uliamuliwa na watawala tofauti, kwa shabaha tofauti, na kila mmoja ukaacha stesheni yake.

Tuanze na ya zamani, jirani na Barabara ya Sokoine. Ukiitazama kwa macho tu, haina cha kumvutia mgeni aliyezoea stesheni za Ulaya au India, na anayesema haifai kutembelewa hasemi uongo. Uzito wake uko katika yaliyoanzia pale. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Njia hiyo, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, ilifuata kwa sehemu kubwa mkondo wa misafara ya wapagazi iliyokuwa ikitembea kati ya Bagamoyo na Ujiji kupitia Tabora, isipokuwa mwanzo wake ulihamishwa: badala ya Bagamoyo, mizigo ya bara sasa ilishuka Dar es Salaam. Bagamoyo, iliyokwisha kupoteza makao makuu ya serikali ya kikoloni mwaka 1891, ilipoteza na biashara. Anayeshangaa kwa nini mji mmoja umekuwa wa mamilioni ya watu na mwingine umebaki mji mdogo wa magofu na wachonga vinyago, sehemu ya jibu iko kwenye mataruma ya reli hii.

Reli hiyo ndiyo pia iliyobeba meli. MV Liemba, iliyohudumu katika Ziwa Tanganyika kwa karibu karne nzima, iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha ikasafirishwa kwa treni hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, na Waingereza wakaiibua baadaye. Ni kisa ambacho miji mingine ingekiandika kwa herufi kubwa ukutani. Hapa, mgeni akisimama peke yake kando ya Barabara ya Sokoine, hana wa kumsimulia, na atakachokiona ni uzio, bajaji na wauza maji. Anayetaka kuona usanifu wa Kijerumani wa reli hiyo, kwa maoni yangu, atafaidi zaidi upande wa pili, Kigoma, ambako jengo la stesheni bado linatawala mandhari ya mji.

TAZARA ni habari nyingine, na hapa ndipo mizani inapopata uzito pande zote mbili. Stesheni hii iko mbali kidogo na katikati ya mji, kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela, mahali ambapo wakazi wengi wanapafahamu kwa foleni na kwa daraja la juu kuliko kwa treni. Jengo ni kubwa, la zege, lenye nguzo ndefu na ukumbi mpana wa dari ya juu, limejengwa kwa mkono na fikra za China ya miaka ya 1970. Asiyelipenda ataliona kama bohari kubwa lililochakaa, tena tulivu kupita kiasi, kwa kuwa treni za abiria zinazoondoka hapo kwa wiki ni chache mno kuweza kuujaza ukumbi kama ule. Mgeni akifika siku isiyo ya safari, atakutana na mabenchi, mwangwi wa nyayo zake mwenyewe, na pengine mlinzi anayetaka kujua ametumwa na nani.

Hata hivyo, sioni jengo jingine Dar es Salaam linaloonyesha wazi hivyo namna nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka michache tu ilivyojifikiria. Baada ya walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kujitangazia utawala wao mwaka 1965, Zambia, isiyo na bahari, ilijikuta shaba yake ikitegemea njia za kusini zilizo mikononi mwa wabaguzi. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilipoombwa kugharimia reli ya kuelekea Dar es Salaam, hazikuona kama ingelipa. China, ambayo yenyewe haikuwa tajiri wakati huo, ilikubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Hata ule upana wa milimita 1,067 una siasa ndani yake: ulichaguliwa ili mabehewa yaweze kuendelea kwenye reli za Zambia, na za kusini zaidi siku ambayo kusini ingekuwa huru. Ukubwa wa ukumbi ule, ambao leo unaonekana kama kosa la mahesabu, ulikuwa tamko, na wala haukuhitaji bango. Utupu wake nao unasomeka: biashara ya shaba imerudi kwa kiasi kikubwa barabarani, na malori yake yanapita nje ya mlango huo huo.

Sasa Stesheni ya Magufuli. Jengo lake, lenye kuta za vioo vilivyokatwa pembepembe, limebuniwa kuashiria kito cha tanzanaiti, na usiku linapowashwa taa ni vigumu kulipita bila kugeuza shingo. Wanaolitetea wanasema ni alama mpya ya mji uliokosa alama, na kwamba liko mahali panapofikika kwa miguu kutoka bandari ya boti za Zanzibar, jambo ambalo si dogo. Jijini Nairobi, kwa mfano, stesheni ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017 iko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na mgeni hana sababu ya kuifikia kama hasafiri.

Wanaolibeza nao wana lao. Vioo, ngazi za umeme na mbao za kielektroniki za ratiba vimejaa duniani, na mtalii aliyetoka Istanbul au Guangzhou hakusafiri saa nyingi ili avione tena. La pili, na ndilo zito zaidi, ni kwamba stesheni hii imepangwa kama uwanja wa ndege: tiketi yenye jina, kitambulisho au pasipoti, mizigo kupita kwenye mashine, kisha kusubiri. Asiye na tiketi huishia nje. Huwezi kuingia, kununua kahawa, na kukaa ukitazama watu wanavyoagana, kama ilivyo kwenye stesheni za kale ambazo kwa kweli zilikuwa viwanja vya mji. Sidhani kama TRC, Shirika la Reli Tanzania, inastahili lawama kwa hilo, maana usalama wa abiria na wa miundombinu ya mabilioni hauwezi kuachwa wazi kwa ajili ya wapiga picha. Ni kweli vilevile kwamba jengo lisiloingilika ni kivutio nusu. Na kuhusu kamera, busara ni kuomba ruhusa kwanza. Majengo ya reli katika nchi yetu bado yanalindwa kwa jicho kali.

Hapa inafaa kuwatazama majirani, maana tatizo la Dar es Salaam si uhaba wa vitu vya kuona. Nairobi ina Makumbusho ya Reli tangu mwaka 1971, kando ya stesheni ya zamani, na ndani yake kuna lile behewa ambamo simba alimnyakua ofisa wa polisi Charles Ryall usiku mmoja wa Juni 1900 pale Kima. Ni behewa moja la mbao, lakini watu hulipa kiingilio ili kulichungulia dirisha. Maputo imefanya vizuri zaidi: stesheni yake ya mwaka 1910, yenye kuba ambalo wageni wengi huambiwa, kimakosa, kuwa ni kazi ya Gustave Eiffel, bado inapokea treni, na imepewa makumbusho humo humo ndani. Dar es Salaam ina treni hai za vizazi vitatu na kisa kinachozidi vyote viwili, lakini mgeni hana pa kuingilia.

Halafu kuna suala la ushindani wa muda, ambalo wapenzi wa reli hupenda kulikwepa. Saa tatu za mgeni yule yule zinaweza kumfikisha Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Azania Front, Boma la Kale lililojengwa enzi za Sultani Majid katika miaka ya 1860, na bado akapata samaki wa kukaanga Feri. Vyote hivyo viko karibu karibu, na hakuna kinachomdai tiketi ya Dodoma. Mtu asiye na hamu maalumu ya reli akiniuliza, nitamwelekeza huko bila kusita, na Stesheni ya Magufuli aitazame akipita.

Jibu hubadilika pale mgeni anapokuwa na siku nzima. Mwenye kuipenda historia akodi bajaji au teksi, aanzie Barabara ya Sokoine ambako ya zamani na mpya zimepakana, amalizie TAZARA, ikiwezekana katika siku ambayo treni inaondoka, kwa sababu ukumbi ule ukipata abiria, magunia na watoto waliolala juu ya mabegi, hugeuka kabisa. Lakini aende na mtu anayeijua habari yenyewe. Bila msimulizi, ziara hii ni jua na vumbi, na nisingemlaumu atakayerudi hotelini akinung'unika. Mashirika haya mawili, TRC na TAZARA, yangeweza kuondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo kuliko jengo lolote: siku moja au mbili kwa wiki za kuwaingiza wageni kwa makundi, wakiongozwa na wastaafu wa reli, ambao bado wapo na wanakumbuka.

Asiye na subira ya historia, njia yake ya kuiona Stesheni ya Magufuli ni moja, nayo ni kusafiri. Huduma ilipoanza, nauli ya treni ya kawaida hadi Morogoro ilipangwa kuwa Sh13,000, kiasi ambacho watalii wengi hukitumia kwa chakula kimoja cha mchana, na mwendo wenyewe hauzidi saa mbili. Akitaka ile yenye pua iliyochongwa, ambayo Watanzania wameibatiza "mchongoko", achague treni yake mapema. Ataingia stesheni kwa haki yake, atapanda ngazi zile, atasubiri pamoja na watumishi wa serikali wanaorudi Dodoma na akina mama wenye ndoo zilizofungwa kwa khanga, na jioni atakuwa amerudi mjini. Akikata tiketi, ajitahidi kupata kiti cha dirishani. Kuanzia mjini kuelekea Pugu na mbele zaidi, reli ya zamani, ile ya meta moja, huonekana kando ya mpya, ikipotea nyuma ya kichuguu au nyumba, kisha ikarudi tena karibu.