Mti wa mgeni rasmi na kuni za makande

Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, tarehe 5 Juni ni siku mbaya ya kupanda mti. Mvua ilishakatika tangu mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, baridi imeanza kung'ata, na kule Makete na Mufindi kuna asubuhi umande unaganda juu ya majani. Lakini ndiyo Siku ya Mazingira Duniani, kwa hiyo shule inaalika mgeni rasmi, wanafunzi wanatoa ngonjera, mashimo yanachimbwa na miche inaingia ardhini. Siku chache kabla au baada ya hapo shule inafungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Nani atamwagilia?

Mti wa mgeni rasmi ndio unaopona. Huo umezungushiwa mabanzi, una kibao chenye jina na cheo, na mlinzi ameshaambiwa mbuzi wakionekana hapo ataeleza yeye. Mingine inabaki na Mungu wake. Ukipita Agosti unakuta vijiti vikavu vimesimama mstari, na viriba vyeusi, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, vinapeperushwa na upepo uwanja mzima kwa sababu waliopanda hawakuambiwa wavikusanye. Vingine havikuvuliwa hata kidogo: mche ulishushwa shimoni na kiriba chake, mizizi ikazunguka humo humo mpaka ikachoka.

Simcheki mtu. Mimi ni mzazi, nipo kwenye kamati ya shule moja ya msingi hapa Mbeya, na soda za sherehe hizo nimezinywa kama wengine. Ila naona tunajidanganya. Mtoto hafundishwi mazingira na siku ya sherehe. Anafundishwa na kile anachoona shule yake ikifanya Jumanne ya kawaida: inapikia nini, maji inayatoa wapi, na kazi ya kutunza miti inampa nani.

Tuanze na hilo la mwisho. Katika shule nyingi ninazozijua, kumwagilia miti ni adhabu. Umechelewa namba, chukua ndoo. Umepiga kelele, kachimbe shimo la taka. Umekutwa unaongea Kiswahili kwenye shule ya Kiingereza, kafyeke nyuma ya vyoo. Wale wazuri, wenye kuwahi na wenye alama, wanakaa kivulini wakiwatazama wenzao. Miaka 7 ya msingi na 4 ya sekondari mtoto anaambiwa kwa vitendo kwamba mti ni mali ya wakosaji, halafu tunashangaa akimaliza hataki hata kupanda mchicha. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi za mikono ziwe sehemu ya masomo yenyewe. Wengi wetu tuliikuta imeshageuka shamba la mwalimu mkuu. Sasa mtaala mpya, ulioanza kutumika 2024, umeleta somo la Jiografia na Mazingira kwa shule za msingi, na ni jambo zuri. Lakini mwalimu akifundisha mzunguko wa maji saa nne, kisha saa nane akampeleka mchelewaji kumwagilia mche kama mfungwa, mtoto atashika la saa nane.

Tuje jikoni, ndiko kwenye mambo.

Siku moja kaingie jiko la shule ya kutwa inayopika uji na makande, uone. Sufuria kubwa imekaa juu ya mawe matatu au matofali, ndimi za moto zinatoka pande zote, na nusu ya joto linapasha ukuta. Gogo refu linasukumwa ndani kadiri linavyoungua. Kuni zenyewe zimeletwa na watoto, kila mmoja na kipande chake, na ukiuliza zimetoka wapi utajibiwa "nyumbani". Nyumbani gani? Wengi hawana hata robo ekari ya miti. Zimetoka kwenye korongo, kwenye kingo za kijito, kwenye shamba la mtu ambaye hajui. Zimekatwa jana, zimerundikwa nje, na mvua ya Januari imezinyeshea. Mama mpishi wa shule yetu aliniambia, huku anafuta macho kwa khanga, "Kaka, hizi kuni tunazipika kwanza sisi, ndipo nazo zitupikie." Ili zishike moto anaanzia na chupa za plastiki. Moshi huo mweusi unapita juu ya darasa la pili, ambako ukutani kuna bango lililochorwa vizuri kabisa: TUTUNZE MAZINGIRA.

Huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo watu wa pwani hawalijui. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Makete iko juu zaidi. Dar es Salaam maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Hapa yanachemka kwenye 94 hivi, na ukiongeza kuni hayapandi zaidi ya hapo, yanatoka mvuke tu. Maharage hayajui moto wako ni mkali kiasi gani, yanajua joto la maji. Ndiyo maana makande ya huku yanakesha jikoni. Hilo peke yake ni kipindi kizima cha sayansi, na maabara yake ipo hatua thelathini kutoka darasani, bure.

Na dawa yake ya kwanza haihitaji mfadhili. Loweka mahindi na maharage tangu jioni. Mama mpishi anajua hilo kuliko mimi, kwake anafanya hivyo kila siku. Shuleni hafanyi kwa sababu stoo ina kufuli, mwalimu wa stoo anaondoka na ufunguo saa tisa, na anarudi nao asubuhi maji yakiwa tayari jikoni. Nilipolisikia hili nilicheka, halafu nikakasirika. Mti mzima unaungua kila mwezi kwa sababu ya ufunguo! Hakuna semina ya mabadiliko ya tabianchi itakayolitatua. Linatatuliwa na mwalimu mkuu kusema kuanzia leo chakula cha kesho kinapimwa saa nane mchana.

Dawa ya pili ni banda la kuni, hata la mabati chakavu, ili kuni zinazotumika leo ziwe za msimu uliopita. Ya tatu ni jiko banifu la matofali, lile ambalo sufuria inazama ndani na moshi unatoka kwa bomba. Fundi wa mtaani aliyewahi kufundishwa analijenga, na linakula kuni chache mno ukilinganisha na mafiga. Shule za Mafinga na Sao Hill zina nafasi nyingine: mabanzi ya viwanda vya mbao, ambayo mengi yanaishia kuchomwa tu.

Najua nitaambiwa serikali imeshazielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, na kwamba mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono. Shule za bweni zenye bajeti ya chakula zifunge gesi hata kesho. Lakini shule ya msingi ya kutwa inapata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, tena kwa kila kitu, na chakula kinategemea debe la mahindi la mzazi. Ukiiambia shule hiyo "gesi au adhabu", itakachofanya ni kuacha kupika, na watoto watashinda na njaa mpaka saa tisa. Kuna pia mkaa mbadala wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaotokana na makaa ya mawe ya Kiwira, hapa hapa kwetu. Unaokoa miti, sikatai, ila siwezi kusimama mbele ya mtoto wa kidato cha pili anayesoma kemia nikauita safi. Kwa Rungwe na Njombe, wanakofuga ng'ombe wa maziwa wa ndani, ningetazama bayogesi, gesi ya samadi, kwanza.

Nikitoka jikoni nakutana na uwanja, na hapa nina ugomvi na karibu kila mwalimu wa zamu. Kila asubuhi watoto mia kadhaa wanainama na mafagio ya vijiti wanafagia udongo. Siyo taka, udongo. Uwanja unaosifiwa ni ule usio na hata jani moja, wenye michirizi ya fagio kama nywele zilizochanwa. Miaka ishirini ya kazi hiyo, na mizizi ya mti wa kivuli yote iko nje, msingi wa darasa uliokuwa chini ya ardhi unaonekana, na mtoto wa darasa la kwanza anapanda kwa shida kizingiti ambacho kaka yake alikivuka bila kuinua mguu. Kiangazi ni vumbi na kikohozi. Masika ni makorongo. Panda ukoka, jamani. Wanasema majani yanaleta nyoka. Ukoka uliofyekwa chini haufichi hata panzi. Watoto waokote makaratasi na vile vifuko vya ubuyu na karanga, udongo wauache ulipo.

Maji. Hisabati yake ni nyepesi na ningependa ifanywe na darasa la sita ubaoni: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 8 kwa 20 ni mita za mraba 160. Chukua Iringa mjini, ambako kwa mwaka hunyesha kama milimita 600 tu. Paa hilo linapokea lita 96,000. Toa robo inayopotea, zinabaki lita 72,000, yaani madumu 3,600 ya lita 20 kutoka jengo moja. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000, hesabu hiyo inachekesha. Bila shaka hakuna shule itakayohifadhi yote, tanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili tatu kubwa. Lakini hata hilo moja linalisha vibuyu chirizi vya kunawia mikono na kitalu cha miche, na mtoto wa miaka minane haji tena shuleni na dumu kichwani. Shule nyingi zina bati, hazina mfereji wa kukinga. Pesa ya mfereji inashindwaje kupatikana pale ambapo pesa ya turubai na spika za sherehe inapatikana?

Kuna habari nyingine ya maji ambayo inawauma wachache. Vijito vinavyoshuka Poroto na Kipengere ndivyo vinavyoingia bonde la Usangu, vinapita kinamasi cha Ihefu, vinakuwa mto Ruaha Mkuu, vinafika mabwawa ya Mtera na Kidatu na kuwa umeme. Tangu 1993 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Tunapenda kuwalaumu wafugaji na wakulima wa mpunga wa Mbarali, na wana sehemu yao. Lakini tembea kwenye vyanzo vya huku juu uhesabu milingoti, yaani mikaratusi, miti inayokunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na bado utakuta shule ina safu ya milingoti mita kumi kutoka kijito, na hakuna anayethubutu kuigusa kwa sababu ndiyo akiba ya kujengea ofisi. Maoni yangu: ivunwe, ofisi ijengwe, na pale pale ipandwe mivengi, miti ya asili ya kwenye maji. Misindano (paina) na milingoti ya biashara iende mlimani, mbali na maji, ikiwa na barabara ya moto, ukanda mtupu wa kuzuia moto, inayosafishwa kabla ya Septemba, maana moto kichaa hauna habari kwamba huu ni mradi wa shule.

Na kupanda kufanyike Januari. Shule zinafunguliwa, mvua ipo, mche una miezi mitatu minne ya kushika kabla ya kiangazi. Kila mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza aje na mche wake. Ningependa uwe wa matunda: parachichi kwa Rungwe na Njombe, tufaa kwa Makete. Parachichi lililobebeshwa, yaani mche uliounganishwa kikonyo cha mti unaozaa, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa hiyo aliyelipanda atalila akiwa bado hapo shuleni, tofauti na msindano ambao atakayeuuza ni mwanafunzi wa kizazi kingine. Watachuma mabichi na kuyaficha kwenye mahindi yaive. Wacha wachume. Mti ambao mtoto anauvizia hauwezi kukauka bila mtu kujua.

Kinachoua yote haya ni uhamisho. Mwalimu mkuu mwenye moyo anakuja, anajenga jiko banifu, anaotesha kitalu, miaka miwili anahamishiwa wilaya nyingine. Kwenye hati ya makabidhiano kuna madawati, vitabu, mihuri na kengele. Jiko, tanki, kitalu na idadi ya miti iliyo hai havimo. Anayekuja anakuta kitalu, anadhani ni magugu. Viingizwe humo, na kiranja wa mazingira wa darasa la sita awepo siku ya kukabidhiana, kwa sababu yeye ndiye anayejua upi ulipandwa lini.

Hoja ya kuni na ufunguo wa stoo nimeiomba iingie kwenye kikao chetu kijacho cha kamati. Nimeomba pia isiwekwe kwenye "mengineyo", maana ikifika hapo huwa tumeshavaa makoti.