Utamaduni na Biashara ya Kimataifa: Je, Fani Moja Ndogo Inatosha?

Baadhi ya vyuo vikuu vya Marekani humruhusu mwanafunzi kuongeza, pembeni ya fani yake kuu, fani ndogo inayounganisha taaluma za utamaduni na biashara ya kimataifa. Kwa kawaida fani ndogo huwa na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 15 hadi 18, ilhali shahada nzima huhitaji takriban krediti 120. Wanaoitetea husema kwamba mfanyabiashara asiyewajua watu hupata hasara. Wanaoipinga huiona kuwa ni pambo la cheti.

Watetezi hupenda kuutaja mfano wa Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, iliyoingia Ujerumani mwaka 1997 na kuondoka mwaka 2006. Kampuni hiyo iliweka watu wa kuwapokea wateja mlangoni, na wahudumu wa kuwafungashia bidhaa, mambo ambayo Wajerumani wengi hawakuyazoea wala kuyapenda. Mfano huu una uzito, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Walmart ilikuta soko ambalo Aldi na Lidl, maduka ya Kijerumani ya bei nafuu, walikuwa wamekwisha kushusha bei kiasi cha kutoacha nafasi, na mwaka 2000 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani iliyaamuru makampuni hayo matatu yaache kuuza bidhaa kama maziwa na siagi chini ya bei ya kuzinunulia. Mwaka 2005 mahakama ya kazi ya Wuppertal nayo ilizikataa baadhi ya kanuni za maadili za Walmart, ikiwemo iliyogusa mahusiano ya kimapenzi kati ya wafanyakazi. Je, hukumu hiyo ni suala la sheria, la utamaduni au la uendeshaji wa biashara? Ni yote matatu kwa pamoja, na hapo ndipo ninapoiona hoja bora ya kuwa na fani ya namna hii.

Tatizo ni kile kinachofundishwa. Kozi nyingi za utamaduni katika biashara bado huegemea vipimo vya mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, vinavyoipa kila nchi alama za utamaduni, na vilivyotokana na madodoso waliyojaza wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kati ya mwaka 1967 na 1973. Katika vipimo hivyo Kenya, Tanzania, Ethiopia na Zambia zilijumlishwa na kupewa alama moja ya "Afrika Mashariki". Mwanafunzi anayekariri alama hiyo hatajua lolote litakalomsaidia akiwa Addis Ababa au Kariakoo, na ubaya zaidi ni kwamba atadhani anajua.

Muda nao ni mfupi mno. Krediti 18 ni kama saa 270 za darasani, wakati taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani hukadiria zaidi ya saa 800 kwa Kiswahili na 2,200 kwa Kichina. Mtetezi atajibu, tena kwa haki, kwamba fani ndogo haikukusudiwa kumfanya mtu mjuzi wa lugha. Nakubali, lakini isipoanza na lugha, itaanza na nini?

Kwa hiyo ningeiunga mkono fani hii kwa sharti kwamba nusu ya krediti ziende kwenye lugha moja, na zilizobaki zitumike kusoma historia ya nchi moja pamoja na sheria zake za kazi na ushindani. Chuo kisichoweza kutoa hayo ni afadhali kimwachie mwanafunzi muda huo aumalizie kwenye fani yake kuu, kama vile uhasibu.