Kimea kabla ya tangawizi

Baridi ya Juni na Julai inaposhuka katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Makete na Njombe hadi Mbeya mjini, tangawizi, vitunguu saumu na malimau hupanda hadhi ghafla. Katika soko la Mwanjelwa mafungu ya tangawizi hupangwa mbele kabisa, na simu zetu hujaa maelekezo ya michanganyiko inayodaiwa kuponya kila kitu, kuanzia mafua hadi shinikizo la damu. Sina ugomvi na tangawizi. Ninacholalamikia ni kwamba tumevipa viungo sifa ambazo zilistahili kwenda kwa chakula chenyewe, na hasa kwa gunia la ulezi lililosukumwa nyuma ya mafungu hayo.

Kimea ni mfano unaonigusa kuliko mingine yote. Karibu kila kijiji cha mkoa wa Iringa kina mama anayejua kukitengeneza, kwa sababu bila kimea hakuna togwa: ulezi huoshwa, hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha hufunikwa kwa gunia au kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili au tatu mpaka uchipue, ndipo huanikwa juani na kusagwa. Wengi wanaojua kazi hii huishia kwenye togwa na pombe, ilhali faida yake kubwa iko kwenye bakuli la mtoto. Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Ukimpa uji mwepesi anashiba maji, na ukimpa mzito unamshinda kumeza. Sasa pika uji mzito wa dona, mzito kiasi cha mwiko kusimama, uuepue, uuache upoe kidogo, kisha utie kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji ule unalegea mbele ya macho yako na kuwa wa kunyweka bila kuongezwa hata tone la maji, kwa kuwa vimeng'enya vilivyozaliwa wakati ulezi ukichipua vinavunjavunja wanga. Urudishe jikoni uchemke tena ili kuua vijidudu vilivyoingia wakati wa kuchipusha, na mtoto atakunywa kikombe kilekile chenye unga mwingi zaidi ndani yake.

Hili halikuanza jana. Katika miaka ya 1980, mkoa wa Iringa ulipokuwa na mpango mkubwa wa lishe ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, wataalamu wa lishe nchini walikuwa wakihimiza kimea katika uji wa watoto. Inanisikitisha kwamba leo mama mwenye mtoto mchanga huambiwa zaidi habari za unga wa lishe wa dukani, ambao mara nyingi ni mchanganyiko wa mahindi, mchele, soya, karanga na ngano vilivyosagwa pamoja. Nafaka hizo haziivi kwa muda mmoja, na karanga zikishasagwa mafuta yake huharibika upesi. Tena zikiwa zimeota ukungu kabla ya kusagwa, hakuna jicho litakaloiona sumukuvu ndani ya pakiti. Kwa maoni yangu ni heri dona safi na ulezi uliochaguliwa kwa mkono, na karanga zitwangwe siku ya kupika. Rungwe na Njombe tuna maparachichi yanayokataliwa na wanunuzi wa nje kwa sababu ya ukubwa au madoa ya ganda tu. Nusu yake ikipondwa ndani ya uji huo, mtoto amepata mafuta mazuri kwa bei ndogo. Nitahadharishe jambo moja: anayetumia mtama badala ya ulezi aondoe vichipukizi na mizizi yote baada ya kukausha, maana vina sumu.

Kwa watu wazima mambo ni rahisi zaidi. Majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi na kuungwa kwa karanga hayahitaji kusifiwa hapa, lakini limau tunalolikamulia kwenye maji ya moto asubuhi lingefanya kazi kubwa zaidi likikamuliwa juu ya mboga hizo zikishaepuliwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani na maharage. Chai, nayo ni fahari ya Mufindi na Tukuyu, hufanya kinyume chake, hivyo mjamzito aisogeze mbali na mlo walau kwa saa moja. Magadi kwenye maharage nayapinga kabisa: yanaharibu vitamini na kumwongezea chumvi mtu mwenye shinikizo la damu, ilhali kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake huokoa kuni vilevile.

Zipo dawa za jikoni ninazozitetea bila kusita. Kwa mtoto anayeharisha, kama pakiti za chumvichumvi hazijapatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi humpa nafasi ya kufika kituo cha afya akiwa na nguvu, huku akiendelea kunyonya na kula. Kwa aliyeungua, dawa ni maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Dawa ya meno, yai na unga wa ngano ambavyo bado tunawapaka watoto wetu huziba jeraha na uchafu wake. Asali hutuliza kikohozi kweli, na tangawizi hutuliza kichefuchefu, ila asali asipewe kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu kali ambavyo utumbo wake hauwezi kuvizuia.

Mtoto anayetapika kila kitu, aliyelegea, anayepumua kwa haraka au kupata degedege hatakiwi kusubiri chungu chochote kichemke. Apelekwe kituoni usiku huohuo. Mwenye dawa za kila siku, ziwe za presha, kisukari au za kufubaza virusi, asiziache kwa ajili ya kitunguu saumu, hata anayemshauri awe ndugu anayempenda. Na anayekohoa zaidi ya wiki mbili aache kwanza kununua malimau, aende apimwe makohozi, kwa kuwa vipimo na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo.